Mwaka Tuliomuuguza Ndugu Shauri

Nilikwenda Tabora kwa harusi, wala sikutegemea kwamba ningerudi nikiwa nimezungumza zaidi habari za paka kuliko za bibi harusi. Mjukuu wa rafiki yangu alikuwa anaolewa Kanyenye, na sisi wazee tulitengewa viti vya mbele, karibu mno na spika, ikawa kila anayetaka kusema na mwenzake lazima amwinamie sikioni. Mzee mmoja mrefu, aliyevaa kaunda suti iliyopigwa pasi vizuri, aliinuka upande wa wanaume, akaja taratibu na fimbo yake, akaniinamia. Sikumtambua mpaka aliposema, "Tabita, unamkumbuka mgonjwa wangu?" Sauti ile haikuwa imezeeka hata kidogo. Nikamwambia ningemsahauje Ndugu Shauri. Kijana aliyekuwa akitugawia soda alilisikia jina, akauliza kwa adabu kama huyo ndugu alikuwa kiongozi enzi za Ujamaa. Mzee yule, Daktari Nkwabi, akamjibu kwamba ndiyo, kwa namna yake alikuwa kiongozi, na nyumba nzima ilikuwa ikimsikiliza. Tulicheka mpaka mama wa bibi harusi akageuka kututazama.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya Ujamaa, Daktari Nkwabi alikuwa daktari wa mifugo pale mjini, na mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Nilikuwa sijafika miaka ishirini, nimetoka Sikonge na sanduku la bati na kibuyu cha asali, na sijawahi kulala katika nyumba yenye umeme. Tarishi wa ofisi ndiye aliyenitafutia chumba Mtendeni, kwa Mzee Abdalla, fundi saa, aliyeishi na dada yake, Bi Nyange. Nyumba ilikuwa ya tofali za udongo, imepakwa chokaa, na kuta za vyumba hazikufika juu kabisa, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mbele, wa uani anamwambia pole. Mzee Abdalla alifanyia kazi barazani, kwenye meza ndogo iliyojaa springi na vioo vya saa. Bi Nyange alikuwa uani, akikaanga visheti na kashata za kuuza, na siku nzima nyumba ilinukia iliki. Chumba changu kilikuwa katikati yao. Sikujua siku ile kwamba nilikuwa nimepangishwa chumba kwenye mpaka.

Jioni ya kwanza nilikaa kitandani nikisikiliza. Bi Nyange alisema kutoka uani, "Shauri, mwambie mwenye nyumba chai iko tayari." Mzee Abdalla akajibu kutoka mbele, "Shauri, mwambie mama yako nakuja." Kisha kuhusu maji ya kuoga, kisha kuhusu mlango wa uani kama umefungwa, kila neno likipitia kwa huyo Shauri ambaye hakuwa akijibu chochote. Nilidhani ni mzee mgonjwa aliyelala chumba kingine, pengine baba yao. Nilimwonea huruma kwa jinsi walivyomtumikisha. Asubuhi nilijifunga kanga vizuri, nikamwendea Bi Nyange, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwomba anipeleke nikamwamkie na Mzee Shauri. Alinitazama, akaweka chini mwiko, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Akanielekeza kwa kidole. Juu ya gunia la mkaa alikuwa amelala paka mkubwa wa rangi ya kijivu, sikio moja limechanika, akinitazama kama hakimu aliyecheleweshewa kesi. Nilimwamkia hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshafika pale, na heshima ni heshima.

Paka yule alizaliwa kabla ya Uhuru, na jina lake la kwanza lilikuwa Bwana Shauri, kama watu walivyokuwa wakimwita mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kwa sababu tangu utotoni alipenda kukaa kizingitini akiwatazama wapitao kana kwamba wote wana mashitaka. Lilipokuja Azimio, balozi wa nyumba kumi alifika akiwa na uso wa kazi, akasema si vizuri katika nyumba kumi zake kuwe na mtu anayeitwa kwa cheo cha mkoloni. Mzee Abdalla alimjibu kuwa huyu si mtu. Balozi akasema hata hivyo. Wakakubaliana aitwe Ndugu Shauri, na balozi akaondoka ameridhika, ameshika kashata mbili. Hadithi hiyo nilisimuliwa mara mbili, na kaka barazani, na dada uani, kila mmoja akicheka mahali palepale, na kila mmoja akidhani mwenzake hajanisimulia.

Sababu ya kutosemeshana kwao niliipata siku ya Jumapili nilipotoka kanisani, nikimsaidia Bi Nyange kukanda unga. Alisema bila kuinua macho. Miaka ya nyuma, baada ya kufiwa na mumewe, mfanyabiashara mmoja wa chumvi kutoka Ujiji alikuja kwa kaka yake kumposa. Mzee Abdalla alimjibu palepale barazani kwamba dada yake ni mtu mzima, mambo ya ndoa ameshayaaga. Mgeni akanywa kahawa, akashukuru, akapanda treni. Bi Nyange aliyasikia hayo baadaye, kwenye shughuli ya watu, mbele ya wanawake waliodhani anayajua. "Sijui kama ningemkubali," aliniambia. "Huenda ningemkataa. Lakini nilitaka nimkatae mimi." Tangu siku hiyo hakumwambia kaka yake neno. Alimpikia, alimfulia, alimuuguza alipopata malaria, lakini maneno aliyapitisha kwa paka, na Mzee Abdalla, ambaye hakujua aombeje radhi kwa jambo aliloliona ni la kumlinda dada yake, akafuata utaratibu huohuo. Nilipokuwa msichana niliona ni kichekesho. Sasa nimeshaolewa na nimeshafiwa, na ninaona kwamba wale wawili walikuwa wametafuta njia ya kuendelea kuishi pamoja, na wengi wenye ugomvi mdogo kuliko ule hawakuipata.

Mvua za kwanza zilipoisha, Ndugu Shauri alianza kunywa maji kupita kiasi. Alikunywa kwenye bakuli lake, kwenye ndoo, kwenye birika la kutawadhia, na mara moja nilimkuta ameingiza kichwa ndani ya glasi yangu. Mwili wake ukapungua, mgongo ukawa kama msumeno ukipitisha mkono, na manyoya yake yakapoteza mng'aro. Kila mmoja wa wenyeji wangu aliliona na kila mmoja alimuuliza paka mwenyewe. "Shauri, una nini baba?" uani. "Shauri, mbona umekonda hivyo, mzee mwenzangu?" barazani. Ndugu Shauri, kama kawaida yake, hakujibu, na safari hii ukimya wake uliwatisha wote wawili. Mimi ndiye niliyejitolea kumwambia Daktari Nkwabi.

Nilichagua saa ambayo alikuwa amemaliza chai. Alikuwa kijana wakati ule, mrefu, mpole, aliyeshinda katika vijiji vipya akichanja ng'ombe na kurudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nilipomweleza alisema yeye amesomea ng'ombe, mbuzi na kuku, na paka aliwasoma wiki moja tu na wiki hiyo alikuwa na homa. Lakini alikuja. Alikuja na mkoba wake mkubwa, akamsalimia paka kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akamweka juu ya meza ya saa baada ya Mzee Abdalla kuondoa kila springi, akampapasa tumbo, akamfungua kinywa, akanusa pumzi yake, akavuta ngozi ya shingo kuona inarudi upesi kiasi gani. Majirani walijaa barazani. Wengine walisema kwa sauti isiyofichwa kwamba Serikali imefika mbali ikiwa sasa inatibu paka.

Daktari hakuzunguka. Alisema figo za paka zimechoka, ni ugonjwa wa uzee, na hauponi. Akamgeukia Mzee Abdalla kama mwenye nyumba, akamweleza kwamba njia ziko mbili. Anaweza kumchoma dawa ya kumlaza asiamke, bila maumivu, hata siku ileile. Au wanaweza kumtunza, wakajua kwamba wanatunza muda tu, na siku itakuja ambapo suala hili litarudi. Akamuuliza Mzee anaamuaje. Watu wote barazani walimtazama Mzee Abdalla. Bi Nyange alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa mbele, nusu ya uso wake ikionekana, na mikono yake bado ina unga. Mzee alitazama chini kwa paka, na mimi niliyekuwa karibu niliona midomo yake ikianza kulitaja jina la Shauri, ili ujumbe upelekwe kama siku zote. Lakini mpeleka ujumbe ndiye aliyekuwa akijadiliwa. Mzee akainua kichwa, akageuka kabisa, kiti kikalia, akamtazama dada yake.

"Nyange," alisema, "wewe unaonaje?"

Jirani mmoja alivuta pumzi. Nilihofu kwamba Bi Nyange hatajibu. Alijifuta unga kwa kanga, kidole kimoja kimoja, akatokeza barazani mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasimama mbele ya kaka yake.

"Hajachoka bado," alisema. "Tumtunze."

"Basi tumtunze," alisema Mzee Abdalla, na akakaa chini kama mtu aliyetua mzigo.

Kabla ya kuondoka Daktari alitufundisha jambo ambalo nimelitumia maishani hata kwa watu. Bi Nyange alikuwa amemuuliza tutajuaje siku imefika, kwani paka hasemi. Alisema kila mmoja wetu ataje jambo moja ambalo Ndugu Shauri analipenda kuliko yote, kisha tuyaangalie mambo hayo. Bi Nyange akasema ni kumkimbilia muuza samaki aletaye perege kutoka bwawa la Igombe. Mzee Abdalla akasema ni kupanda mezani jua la asubuhi linapopiga na kuangusha skrubu moja baada ya nyingine, akimtazama usoni. Mimi nikasema ni kujilamba baada ya kula, mpaka kwenye vidole vya nyuma. Daktari akasema akiacha moja, tuwe macho. Akiyaacha yote, tumwite, na tusimcheleweshe kwa ajili yetu wenyewe.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha kuliko yote niliyoishi Tabora, na nikiwaambia wanangu hivyo hawanielewi, kwa kuwa nasema habari za mgonjwa. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na ofisini kila siku kulikuwa na mkutano. Lakini nyumbani kulikuwa na kazi iliyotukutanisha. Daktari alituletea chupa za maji ya dripu, tukayatia chini ya ngozi ya paka siku za Jumatatu na Alhamisi. Chupa ilining'inizwa kwenye msumari wa mlango wa jiko. Sindano aliishika Mzee Abdalla, kwa vidole vilivyozoea vitu vidogo, na Bi Nyange alimpakata mgonjwa amemfunga kitenge, kichwa tu kikiwa nje, mfano wa bibi kizee aliyekwenda kliniki. Kazi ile haiwezekani bila kusemeshana. Mshike. Nimemshika. Vuta ngozi. Nimevuta. Siyo hapo. Hapo hapo, wewe macho yako yamezoea saa. Mazungumzo yao ya kwanza baada ya miaka yote ile yalikuwa hayo, ya kikazi, makavu, na mimi nilikuwa nikishika chupa na kuuma midomo nisicheke, kwa sababu Ndugu Shauri naye alikuwa akiunguruma kwa hasira, na wote watatu walikuwa na uso mmoja.

Kutoka kwenye dripu maneno yalianza kuenea. Bi Nyange alimuuliza kaka yake kama paka amekula asubuhi, na Mzee akajibu amekula, na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kule mbele jua ni kali leo. Baada ya siku chache waliongea juu ya bei ya perege. Nikiwa kitandani niliwasikia wakibishana, sauti zikipita juu ya kuta, kuhusu jina la shangazi yao mmoja aliyekufa wakiwa wadogo. Mara wakaanza kula pamoja ukumbini, ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde ya kwetu, ambayo mimi nilimletea Bi Nyange kutoka Sikonge na akajifunza kuyaunga kwa karanga. Paka alikaa katikati ya mkeka na kisahani chake cha samaki aliyechemshwa bila chumvi. Balozi akipita jioni kuangalia hali alikaribishwa, na alikuwa akiuliza afya ya Ndugu Shauri kabla ya afya yetu. Siku moja, wakati wa dripu, nilimsikia Mzee Abdalla akisema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye sindano, kwamba yule mtu wa Ujiji angestahili kujibiwa na mwenyewe. Bi Nyange alisema, "Ndiyo." Chupa ilimalizika kutiririka, akamfungua paka kitenge, akaenda kutazama mafuta yake jikoni. Nilimwona ameegemea ukuta akitabasamu, na visheti vya siku ile viliungua.

Maembe yalipoanza kuiva, Ndugu Shauri aliacha kupanda mezani. Mzee Abdalla akamtengenezea ngazi ya makasha, akaipanda kwa muda, kisha akaiacha. Baadaye muuza samaki alipiga kelele zake mlangoni na paka akainua sikio moja tu. Bado alijilamba, ila mbele tu. Kisha ikaja wiki ambayo hakujilamba kabisa, akawa anakaa mbele ya bakuli la maji, pua karibu igusane nayo, hanywi, kama aliyesahau alichokuja kufanya. Bi Nyange alimfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Nilitegemea wangelumbana, kwamba mmoja angetaka Daktari aitwe na mwingine angetaka kusubiri. Waliita maalim wa jirani wakamuuliza kama ni dhambi. Maalim alifikiri, akasema Mungu ameamrisha huruma kwa viumbe, na kwamba mwenye huruma huwa anajua tofauti kati ya kuua na kupunguza mateso, nao waliulize hilo moyoni mwao. Baada ya kuondoka walikaa ukumbini, mimi nikiwa mlangoni. Safari hii aliyeanza alikuwa Bi Nyange.

"Kaka, mimi nimeona," alisema. "Na wewe?"

"Nami nimeona," alisema Mzee. "Amwite Daktari, huyu mtoto. Kesho asubuhi, jua likiwa limetoka."

Daktari Nkwabi alikuja kabla ya kwenda vijijini, gari likimsubiri nje. Tulitandika kitenge mahali pale mezani ambapo jua hupiga. Bi Nyange alimpakata, Mzee Abdalla akamwekea mkono kichwani, nami nikasimama ubavuni kwao. Daktari alisema taratibu kila anachofanya, kama anayezungumza na mgonjwa mwenyewe: sasa utahisi kidogo, sasa utasikia usingizi. Ndugu Shauri aliunguruma mara moja, ile sauti yake ya kutoridhika, kisha akalegea. Bi Nyange alilia wazi, na Mzee Abdalla akamshika dada yake begani, mkono ukabaki pale muda mrefu. Kisha, kabla hata Daktari hajafunga mkoba, walianza kubishana azikwe wapi. Dada alitaka uani, karibu na jiko alipopenda joto. Kaka alitaka mbele, anapoona wapitao. Kila mmoja akamwambia mwenzake kwamba hakumjua paka yule hata kidogo. Daktari alinitazama, nikamtazama, na tulilazimika kutoka nje. Walimzika uani, kwa kuwa Bi Nyange hakuwa mtu wa kushindwa mara mbili.

Niliogopa sana siku zilizofuata. Nilidhani kwa kuondoka yeye, nyumba itarudi kimya. Kulikuwa kweli na jioni moja au mbili ambapo walikaa mkekani wakioneana haya, wakisemeshana kwa adabu ya watu waliokutana safarini. Halafu Mzee Abdalla akaulizia visheti kwa ajili ya wateja wake, Bi Nyange akasema afuate mwenyewe uani, naye akafuata, akakaa huko mpaka magharibi akimwelekeza namna ya kukata unga, mtu ambaye hakuwahi kukata unga maishani mwake.

Mwaka ulipokwisha nilipata uhamisho wa kwenda Mwanza. Wote wawili walinisindikiza stesheni, Mzee akiwa na kofia yake mpya ya vito, Bi Nyange akiwa amebeba kikapu cha kashata nilichojua sitakimaliza. Daktari alikuja pia, akanikabidhi sanduku langu dirishani, akanipa mkono. Mzee Abdalla alisema nikae upande wa kivuli, Bi Nyange akasema upande huo utakuwa na jua treni ikigeuka, Mzee akamuuliza tangu lini amejua treni inageukia wapi, naye akamjibu kwamba yeye amesafiri na kaka yake hajafika hata Nzega. Filimbi ikapigwa. Nilitoa mkono dirishani nikaupunga, nikawaita kwa majina yao. Daktari aliniona akapunga. Wale wawili walikuwa wamegeukiana kabisa, mikono ikienda huku na huku, kila mmoja akimwonyesha mwenzake jua liko wapi, na treni ikaondoka bila wao kujua. Nilikaa kwenye benchi nikacheka peke yangu, mpaka mama aliyekaa mbele yangu akaniuliza nini kimenifurahisha hivyo, nami nikafungua kikapu nikamkaribisha kashata.